See, smell, taste, feel: Kiswahili chetu kinakupa jibu kabla hujafungua kamusi ya Kiingereza

Mwalimu wa Jioni (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Arusha. Wanafunzi wangu wengi ni madereva wanaojiandaa kuongoza watalii, watu wazima na familia zao, wanaingia darasani na vumbi la barabara bado liko kwenye viatu. Kwa muda mrefu niliwapa somo la milango mitano ya fahamu kama nilivyopewa mimi shuleni: macho ni see, masikio ni hear, pua ni smell, ulimi ni taste, ngozi ni feel. Wanakariri, wanapata alama zote, halafu wanaingia porini na kumwambia mgeni "I am hearing the smell of elephant".

Nimefikia kuamini kwamba kosa lile ni letu sisi walimu. Tunawafundisha kana kwamba wamekuja mikono mitupu, wakati lugha waliyokulia inayapambanua mambo haya vizuri mno, na kwenye pua inakipita Kiingereza. Naeleza ninavyofundisha siku hizi, naomba mnisahihishe palipopinda.

Naanza na macho kwa sababu ndiyo rahisi. Chukua asubuhi moja Serengeti. Dereva amesimamisha gari, ameona mkia unaning'inia kwenye tawi la mgunga. Anasema "Look!", yaani tazameni, pelekeni macho kule. Mgeni anageuka, anahangaika na darubini, anasema "I'm looking, but I can't see it." Anatazama, haoni. Dakika moja baadaye sikio la chui linacheza, mgeni anaruka kitini: "I see it!" Jicho limeona, sasa ndiyo see. Kisha chui anaanza kushuka, chini kuna swala wanakula majani, na dereva anazima injini: "Let's wait and watch." Watch ni kutazama kitu ambacho kinaendelea, unakaa nacho ujue kitaishia wapi. Mpira una-watch. Picha iliyotundikwa ukutani una-look at, kwa sababu haiendi popote.

Sasa niambie, kuna Mswahili gani asiyejua tofauti ya kutazama na kuona? "Nimetazama kote sikumwona" hata mtoto wa miaka minne anaisema. Na watch ipo pia. Stendi ukimwambia abiria wa jirani "niangalizie mzigo wangu nakuja", Mwingereza angesema "Could you watch my bag?" na wala si "look my bag".

Masikio ni hivyo hivyo. Hear ni kusikia, sauti imekujia yenyewe. Listen ni kusikiliza, umeitegea sikio. Mtu akikupigia simu na mtandao ukasumbua unauliza "Can you hear me?" Akishakuwa tayari kukupa nafasi uongee atasema "I'm listening", kama tunavyosema "nakusikiliza". Kumbuka tu ule mkia wa "to": listen to music, listen to me. Sisi hatuuhitaji kwa sababu kitenzi chetu kinajitosheleza, kwa hiyo wanafunzi wanausahau kila siku.

Kuna kazi ya tatu ambayo shuleni hatukuambiwa. Mwanaisimu wa Sweden, Åke Viberg, aliandika mwaka 1983 akilinganisha lugha nyingi za dunia, akaonyesha kwamba kila mlango wa fahamu una kazi tatu. Ya kwanza ni kufanya kwa kukusudia: natazama. Ya pili ni kupatwa na hisi yenyewe: naona. Ya tatu, kitu chenyewe kinajitokeza kwako: kinaonekana. Kwa Kiingereza hiyo ya tatu kwenye macho ni look tena, na kwenye masikio ni sound. "Unaonekana umechoka" ni "You look tired". Nimesahihisha "You are seen tired" mara nyingi kuliko nywele zangu. "Wazo hilo limekaa vizuri" ni "That sounds good".

Hapa ndipo nilipofunguka macho mimi mwenyewe. Kiingereza kina maneno tofauti kwa macho na kwa masikio tu. Kikifika puani, ulimini na kwenye ngozi, kinaishiwa. Neno moja linabeba kazi zote tatu:

Smell this flower. (Nusa ua hili.)
I smell smoke. (Nasikia harufu ya moshi.)
This flower smells good. (Ua hili linanukia.)

Sisi tunayo maneno matatu, na yote yametoka shina moja. Nuka, kitu kinatoa harufu. Nusa, wewe ndiye unaivuta kwa pua. Tukaongeza nukia, ili harufu nzuri isilingane na mbaya. Ukimwambia mtu "unanuka" mmegombana, ukimwambia "unanukia" anatabasamu. Kiingereza hakina hilo. "You smell" ikikaa peke yake ni tusi. Lazima uongeze good, nice, lovely, ndipo iwe sifa.

Kwa hiyo siku hizi siwaambii wanafunzi wakariri smell. Nawauliza kwanza: hapa unataka kusema nusa, nasikia harufu, au inanukia? Wakishajua, nawaonyesha jinsi Kiingereza kinavyotofautisha kwa majirani wa neno lile. Ikifuatwa na kitu, smell this, smell smoke, pua ni ya mtu. Ikifuatwa na sifa, smells good, smells bad, harufu ni ya kitu. Na sifa hiyo ni good, si well. Tunateleza hapa kwa sababu kwetu "vizuri" inatosha kila mahali: amepika vizuri, inanukia vizuri. Yule wa kwanza ni "cooked well", wa pili ni "smells good".

La mwisho, halafu niwaachie. "Ninaona simba" si "I am seeing a lion". Ile -na- yetu inabeba kitendo kinachoendelea na hali iliyopo. Kiingereza kinataka hisi iliyokujia yenyewe isipewe -ing: I see a lion, I can see a lion, I can hear it, I can smell it. Ukikusudia ndipo -ing inaingia: I am looking, I am listening, I am smelling the meat, yaani nanusa nyama nijue kama imeharibika. Na "I am seeing" ina maana zake pembeni. "I'm seeing a doctor tomorrow" ni nina miadi na daktari. "I'm seeing someone" ni nina mpenzi. Mwanafunzi wangu mmoja aliwaambia wageni "I am seeing a giraffe" na gari zima likanyamaza.

Karibuni.

---

Mgunga

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao unaowasema, niko barabarani kati ya Karatu na Ngorongoro karibu kila wiki. Hiyo ya look, see na watch umeipanga ikapangika. Mimi nilijifunza kwa kuiga wageni bila mtu kunieleza.

Naomba msaada wa maneno mengine ya macho. Wageni wanasema spot, glimpse, glance, stare. Juzi mama mmoja alisema "I only caught a glimpse" baada ya faru kuingia kichakani, mimi nikadhani anasema amempiga picha.

---

Mwalimu wa Jioni

Marahaba Mgunga. Hilo la "caught" linawababaisha wengi.

Glimpse na glance pima kwa kusudi. Glance ni kutupia jicho: umetaka kuangalia, ukaangalia kidogo, ukarudisha macho. Dereva anatupia jicho kioo cha pembeni, he glances at the mirror. Glimpse hukuipanga, kitu kimepita ukakiona nusu nusu. Faru wako alikuwa anaondoka, mama akabahatika kuona mgongo, basi. Kwa hiyo glance ni ndugu wa look, glimpse ni ndugu wa see.

Stare ni kukodoa macho. Wageni wakimkodolea tembo macho haina neno. Wakiwakodolea wanakijiji, unaweza kuwaambia kwa upole "Please don't stare", na kila mmoja ataelewa kwamba ni suala la adabu. Ukimtolea mtu macho ya hasira hiyo ni glare. Kuchungulia kwenye tundu ni peep. Kukaza macho kwa sababu kuna giza au ukungu ni peer, na kule ukingoni kwa kreta asubuhi utalitumia sana.

Spot ndilo neno la kazi yako hasa: kukiona kitu kigumu kuonekana kabla ya wengine. "Our guide spotted a leopard." Ukilisikia hilo kwenye mazungumzo yao wakati wa chakula, wanakusifu.

---

Dada Mkalimani

Mwalimu, asante kwa uzi. Nataka kuuingiza mahali ambapo kosa moja linagharimu.

Niko Marekani, nakalimani hospitalini, wateja wangu wengi ni wakimbizi waliotoka Kongo. Kabla yangu mama mmoja alikuwa amekalimaniwa na mtu mwingine kwa simu. Nilipofika nilikuta kwenye faili lake kumeandikwa kwamba "hears things in her head", na alikuwa ameshapangiwa kuonana na daktari wa magonjwa ya akili. Mama mwenyewe hajui hata kwa nini.

Nikamwomba daktari dakika mbili. Nikamuuliza: mama, ulisema nini siku ile? Akasema, "Nasikia kitu kinatembea mu kichwa." Nikamuuliza, unakisikia na sikio, ama unakisikia na mwili? Akanishika kidole changu, akakipitisha taratibu juu ya ngozi ya kichwa chake kutoka kwenye paji la uso kwenda nyuma ya sikio. "Hapa. Kama siafu."

Nikamgeukia daktari: "She feels something crawling on her scalp." Feels, si hears. Mazungumzo yote yakageuka palepale, wakaanza kuuliza kuhusu ngozi, mishipa ya fahamu na dawa anazotumia.

Kusikia kwetu kunabeba sikio, pua, ulimi, ngozi na tumbo. Nasikia kizunguzungu ni I feel dizzy. Nasikia kichefuchefu ni I feel sick, na hiyo sick si ugonjwa wowote tu, ni ile ya kutaka kutapika. Nasikia njaa ni I'm hungry. Nasikia baridi ni I feel cold, lakini "I have a cold" ni nina mafua, na "she is cold" inaweza kuwa ni mtu asiye na uchangamfu. Neno hear likitoka mdomoni mwa mgonjwa, daktari anapeleka mawazo kwenye sikio au kwenye akili. Hana mahali pa tatu.

Jingine ni kuchoma. "Kifua kinanichoma." Inachoma kama moto au inachoma kama sindano? Kiswahili kimetumia kitenzi kimoja, Kiingereza kina burning na stabbing, na daktari akisikia moja au nyingine anawaza ugonjwa tofauti. Siku hizi siwezi kutafsiri kuchoma bila kuuliza kwanza. Kadhalika ganzi: mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi ni "my foot has gone to sleep", lakini vidole ambavyo havihisi kitu kwa wiki nzima ni numb, na tofauti hiyo ni kubwa.

Wakalimani vijana mliomo humu, ulizeni. Hakuna aibu kumwambia daktari subiri nimwelewe mgonjwa.

---

Mwalimu wa Jioni

Dada, hilo la siafu nitalipeleka darasani kesho, kwa ruhusa yako. Nimelisoma mara tatu.

---

Msahihishaji

Nachangia kwa nia njema. Naona mnatetea kosa. Harufu hainusiki kwa masikio. Kiswahili fasaha kina kitenzi kuhisi, kina hisia, kina mhisi. Tukiwafundisha watoto "nahisi harufu, nahisi baridi, nahisi maumivu" tatizo la Dada Mkalimani linaisha lenyewe. Kwa nini tung'ang'anie "nasikia harufu", ambayo ukiitafsiri inatuaibisha?

---

Mwalimu wa Jioni

Msahihishaji, naheshimu hoja yako na kuhisi nakutumia. Ni neno zuri lililotujia kutoka Kiarabu na limekaa nyumbani. Ila sikubali kwamba kusikia harufu ni kosa.

Kusikia kwetu hakujawahi kuwa mali ya sikio peke yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: yule hakuwa kiziwi, maneno aliyapata, hakuyatii. Mtoto hasikii, maana yake haambiliki, na kwa Kiingereza ni "he doesn't listen", kamwe si "he doesn't hear". Tunasema ugonjwa umesikia dawa. Kusikia ni kitu kukufikia mpaka kikakugusa ndani. Sauti inakufikia hivyo, harufu inakufikia hivyo, baridi pia.

Wala hatuko peke yetu. Waitaliano wana sentire, wanasikia nayo sauti, harufu na maumivu, na hakuna anayewaambia wameharibu lugha.

Na tusisahau kuona. Tunaona haya, tunaona wivu, tunaona kinyaa, tunaona baridi, tunaona uvivu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji macho. Zote kwa Kiingereza zinakwenda kwenye feel: feel ashamed, feel jealous, feel disgusted, feel cold, feel lazy. Tukizifuta zote tubakize nahisi, tutakuwa tumeipunguza lugha ili itafsirike kirahisi. Mimi nawafundisha watu Kiingereza, sitaki walipe kwa Kiswahili chao.

---

Msahihishaji

Nimekusoma. Hiyo ya ugonjwa kusikia dawa nilikuwa nimeisahau, bibi yangu alikuwa akiisema. Bado nasema kwenye maandishi ya hospitali kuhisi kungesaidia.

---

Dada Mkalimani

Hapo nakuunga mkono, kwenye karatasi. Mgonjwa mwenyewe mwache aseme anavyosema kwao. Kule kwa wateja wangu kusikia ni kuelewa pia. "Nasikia Kiswahili, Kingereza sisikii" ni kwamba hakijui, si kwamba masikio yana shida.

---

Mtoto wa Bukavu

Jambo wote. Dada amesema kweli, kwetu kusikia ni kuelewa kabisa.

Mimi shida yangu inatoka upande mwingine, kwa sababu nilisoma Kifaransa kwanza. Kwa Kifaransa sensible ni mtu ambaye jambo dogo linamgusa, analia haraka, ama ngozi isiyovumilia sabuni. Nilipofika kwa Kiingereza nikaandika kwenye barua ya kuomba kazi kwamba "I am not sensible". Nilitaka kusema siumii haraka nikikosolewa. Rafiki mmoja aliisoma mbele ya kuituma akanizuia. Naomba mwalimu atuelezee hii familia yote, maana iko sensible, sensitive, sensual, sensory, na sijui ingine.

---

Mwalimu wa Jioni

Karibu sana Bukavu, na mshukuru rafiki yako, maana barua ile ingesema "sina busara".

Sensible kwa Kiingereza cha leo ni mwenye busara, anayeamua mambo kwa akili iliyotulia. Hata viatu vinaitwa sensible vikiwa vya kutembelea badala ya kujionyeshea. Sensible yenu ya Kifaransa ni sensitive ya Kiingereza: ngozi sensitive, meno sensitive, mtu sensitive, na hata habari sensitive, yaani nyeti. Nyeti yetu inalishika neno hili vizuri. Mtu akiwa sensitive kupita kiasi, mwepesi wa kununa, wanamwita touchy. Usilichanganye na touching, ambalo ni jambo linalogusa moyo. Filamu ni touching, bosi ni touchy.

Sensory ni neno la kitaalamu, la kuhusu milango ya fahamu tu, halina sifa wala lawama. Mishipa ya fahamu inayopeleka habari kwenye ubongo ni sensory nerves.

Sensual na sensuous ndiyo yenye historia. Sensual lilikuwa limeelemea kwenye tamaa za mwili. Mshairi John Milton alitaka neno la kueleza kitu kinachofurahisha hisi bila kunukia uasherati, akabuni sensuous mwaka 1641. Halikushika, mpaka mshairi mwingine, Coleridge, alipolifufua mwaka 1814. Kwa hiyo muziki, hariri au maelezo ya bustani yanaweza kuwa sensuous. Sensual liachie mambo ya chumbani. Lakini nakuonya, Waingereza wenyewe wanayachanganya sana, na ukiandika sensuous wapo watakaosoma lile jingine. Kwenye barua ya kazi kaa mbali na yote mawili.

Na ile sense ya "I sensed something was wrong", wala usiitafute kwenye kamusi. Ni machale. Machale yalinicheza.

---

Mtoto wa Bukavu

Aksanti mingi. Na sentir yetu inafanya kama sentire ile ya Waitaliano: kunusa, kusikia harufu, kuhisi, hata kunuka. Tulikuwa tayari tunayo mlango, hatukujua.

---

Mpishi wa Forodhani

Wakuu, ulimi mmeupita haraka na ndio unaonilisha. Niko Zanzibar, nauza chakula usiku kwa wageni.

Mwaka jana mama mmoja na watoto wake walisimama mbele ya sufuria langu la urojo. Akauliza, "Is it hot?" Mimi nimetoka kuuepua, moshi unapanda, nikamjibu kwa fahari "Yes, very hot!" Akawavuta watoto wakaondoka. Baadaye jirani yangu wa mishikaki akaniambia, alikuwa anauliza pilipili. Hot ni moto na hot ni pilipili! Sasa hivi najibu: "It's warm, but not spicy."

Ila na spicy nayo imenitesa. Nilikuwa nawaambia wageni pilau langu ni spicy, kwa sababu lina iliki, karafuu, mdalasini, bizari, viungo vyote vya kwetu. Wanaogopa. Kumbe wao spicy wanasikia pilipili. Kijana mmoja wa hoteli akanifundisha niseme "It's made with a lot of spices, but it isn't hot."

Halafu kuna "kali". Limau kali, pilipili kali, kahawa kali. Mwalimu, nitenganishie.

---

Mwalimu wa Jioni

Mpishi, hapa Kiswahili ndicho kilichobana neno na Kiingereza kikalitawanya, kwa hiyo lazima tukubali kujifunza.

Limau kali ni sour. Pilipili kali ni hot. Kahawa kali, chai iliyokolea majani, ni strong. Maziwa yaliyochachuka na mtindi ni sour pia, na maziwa yaliyoharibika wanasema "the milk has gone sour" au "it's gone off". Bitter ni chungu tu: mwarobaini, nyanya chungu, kahawa isiyo na sukari. Watu wetu wengi wanaita limau bitter, na mgeni akisikia hivyo kuhusu juisi yako ya ukwaju atadhani ni dawa. Sema "sweet and sour" ataagiza mbili.

Tamu ndiyo hatari kuliko zote. "Samaki wako mtamu" usiseme "Your fish is sweet". Sweet ni sukari, asali, embe lililoiva. Samaki mtamu ni delicious au tasty. Na tasty ni chakula, lakini tasteful ni nyumba iliyopambwa kwa ustadi au nguo iliyochaguliwa vizuri. Biriani haliwi tasteful.

Taste na flavour wengi wanazichukulia kuwa moja. Taste ni kazi ya ulimi: utamu, uchungu, chumvi, ukali wa limau. Flavour ni ulimi na pua vimekutana. Jaribu siku una mafua makali: chumvi utaisikia, sukari utaisikia, lakini iliki kwenye pilau imepotea. Taste ipo, flavour imeondoka. Sisi tunasema chakula hakina ladha, yote ndani ya neno moja.

Na taste ina kazi tatu kama smell. Onja supu, taste the soup. Nasikia tangawizi, I can taste ginger. Supu ni tamu, the soup tastes good.

---

Mpishi wa Forodhani

Na harufu ya samaki mbichi? Shombo. Wageni wakishika pua nasema nini?

---

Mwalimu wa Jioni

Shombo ni "a fishy smell", hawana neno moja. Usiseme perfume, usiseme aroma. Aroma ni kahawa inayokaangwa, mkate unaotoka tanuri. Fragrance ni maua, asumini, mafuta ya kujipaka. Scent ni harufu nyepesi, mara nyingi nzuri, na pia ni ile mnyama anayoiacha njiani na mwenzake akaifuata, kwa hiyo Mgunga atalihitaji. Odour limeelemea kwenye ubaya na kwenye maandishi rasmi. Uvundo ni stench.

---

Mgunga

Wakuu nimerudi, leo nimetoka porini.

Niliamua kujaribu zile kazi tatu za smell. Tuliposimama kunyoosha miguu nikachuma jani la leleshwa, lile ambalo morani wanalibana kwapani badala ya manukato. Nikalisugua kwenye kiganja nikampa mzee mmoja, nikamwambia "Smell this." Akanusa. Nikamuuliza "Can you smell it?" Akafumba macho kidogo, akasema "Yes! It smells wonderful. It smells like camphor." Likazunguka gari zima, kila mtu anataka kunusa. Sikukosea hata mara moja mwalimu, na sikutafsiri kichwani, niliwaza nusa, unasikia harufu, linanukia.

Ila mke wake akasema "Your hands smell of it now." Yeye amesema smell of, mume amesema smell like. Kuna tofauti?

---

Mwalimu wa Jioni

Ipo, Mgunga. Smell like ni kufanana: leleshwa si kafuri, lakini linanukia kama kafuri. Smell of ni harufu ya kitu chenyewe, kipo au kilikuwepo pale. Mikono yako ilikuwa na leleshwa kweli. Ukirudi nyumbani na shati likanuka moshi kwa sababu ulikaa motoni, it smells of smoke.

Jani lile kama bado unalo, kesho jioni njoo nalo darasani.